Kondensa ya matundu ya sindano: kwa nini iko hivyo, na kwa nini kuiosha hakutoshi

*"Habari za kazi mtaalamu. Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 2008, naishi Tanga. Kompresa ya AC ilijamu ikakata mkanda. Fundi alifungua mfumo wote, akaosha kondensa kwa petroli na upepo wa gereji mpaka petroli ikatoka safi, akafunga kompresa ya mtumba na kujaza gesi. AC ilipoa vizuri siku tisa. Baada ya hapo ikawa inapoa gari likiwa kwenye mwendo tu. Nikisimama kwenye foleni upepo unakuja wa moto. Wiki ya nne kompresa ikajamu tena. Fundi wa pili anasema kondensa za kisasa zina matundu madogo kama ya sindano, ndiyo maana zinaziba. Anataka kunifungia kondensa ya bomba nene kutoka gari la zamani, kwa maelezo kwamba bomba kubwa hupitisha gesi nyingi na hivyo hupoza zaidi. Najiuliza: kama matundu madogo yana shida hivi, watengenezaji waliyaweka kwa nini? Ni kubana gharama? Na je, kondensa hii haiwezi kuoshwa tena kwa dawa kali zaidi?"*

Pole sana, ndugu yangu. Kompresa mbili kwa mwezi mmoja ni hasara inayouma, na kinachonisikitisha zaidi ni kwamba ukiendelea kwa njia hiyohiyo, ya tatu nayo itakufa. Swali lako ni zuri kwa sababu hukutaka kuambiwa tu ununue nini. Umetaka kujua kwa nini kitu kiko kilivyo. Nitakujibu kwa mpangilio huo.

Kwa ufupi: matundu madogo hayakuwekwa kubana gharama. Bomba nene ni kweli hupitisha gesi kwa urahisi, lakini kupitisha gesi si kutoa joto. Na kondensa uliyonayo sasa usiioshe tena. Mafundi wako wote wawili wana kitu cha kweli katika waliyosema au kufanya, na nitaeleza ni kipi, kwa sababu sipendi kuona fundi anabezwa kwa ujuzi ambao kwenye mashine za zamani ulikuwa sahihi kabisa.

Tuanze na kazi ya kondensa. Kompresa inasukuma ndani yake gesi ya moto iliyobanwa. Gari lako kwa umri wake linatumia R-134a. Gesi hii ikiwa kwenye presha ya psi 177 hivi kwenye geji hugeuka kimiminika ikifika nyuzi 50 za Selsiasi, na kila kilo inayogeuka humwaga kilojuli 150 hivi za joto. Joto hilo ndilo lililotolewa ndani ya gari na kuongezewa lile la kazi ya kompresa. Lazima litoke kwenye gesi, lipite ukuta wa alumini, liingie kwenye hewa inayopita mbele ya gari. Njia nyingine ya kutokea haina. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kondensa yoyote ni hili: gesi iliyo ndani inaufikia ukuta kwa urahisi gani?

Fikiria chai ya moto. Mzee akiwa na haraka huimimina kwenye kisahani, na kwa dakika chache inanyweka. Chai ni ileile na kiasi ni kilekile, ila kwenye kikombe tone lililo katikati liko mbali na ukingo, na joto lake lazima lisafiri kupita chai yenyewe kabla ya kutoka. Maji ni kipitishio kibovu cha joto; shaba huyashinda zaidi ya mara 600. Gesi ni mbovu zaidi. Unapopunguza umbali kati ya katikati na ukuta, unaondoa ile sehemu ya safari iliyo ngumu kuliko zote.

Hapo ndipo udogo wa tundu unapofanya kazi, na hesabu yake ni ya kupendeza. Kimiminika kinapopita kwa utulivu ndani ya bomba la mviringo, bila kuvurugika, wepesi wa kupeleka joto ukutani hupanda kadiri kipenyo kinavyopungua: punguza kipenyo nusu, wepesi unakuwa mara mbili. Kwa maji kwenye bomba la milimita 10, kila mita mraba ya ukuta hupokea wati 220 hivi kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya maji na ukuta. Kwenye bomba la milimita 1 ni wati 2,200. Kwenye mfereji wa sehemu ya kumi ya milimita ni wati 22,000. Hakuna dawa iliyoongezwa wala pampu kubwa iliyofungwa. Kilichobadilika ni umbali tu.

Halafu kuna faida ya pili inayokuja juu ya hiyo. Lita moja ya maji ndani ya bomba la milimita 10 inagusa ukuta wenye eneo la mita mraba 0.4. Lita hiyohiyo ukiigawa kwenye mabomba ya milimita 1 inagusa mita mraba 4, yaani sakafu ya mita mbili kwa mbili. Zidisha faida hizo mbili: ukipunguza kipenyo mara kumi, lita moja inaweza kutoa joto mara mia kwa tofauti ileile ya nyuzi. Nikifika hapa darasani huwa nanyamaza kidogo ili wanafunzi wairudie hesabu wenyewe, maana mara ya kwanza mtu huona kama nimekosea.

Waliolionyesha jambo hili kwa namna iliyowashtua wahandisi ni Tuckerman na Pease wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1981. Walichonga mifereji kwenye kipande cha silikoni, upana mikromita 50 (mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita), ambao ni mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, na kina cha mikromita 302, wakapitisha maji. Kipande kile kiliweza kuondoa wati 790 kwa kila sentimita mraba moja, huku joto lake likipanda nyuzi 71 tu juu ya maji yaliyoingia. Linganisha na pasi ya nyumbani ya wati 1,000 yenye uso wa sentimita mraba 200: hiyo hutoa wati 5 kwa kila sentimita. Mitambo mingi inayopoza kompyuta zenye kazi nzito leo inafuata wazo hilohilo, na kondensa ya gari lako ni ndugu yake wa mbali, mwenye matundu makubwa zaidi.

Sasa gharama yake, kwa sababu ipo. Kadiri njia inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyodai presha zaidi. Mjerumani Hagen mwaka 1839, na miaka hiyohiyo daktari Mfaransa Poiseuille aliyekuwa akitafuta kuelewa damu inavyopita kwenye mishipa midogo kabisa, kila mmoja kwa njia yake alikuta kwamba ukipunguza kipenyo nusu huku ukitaka kiasi kilekile kipite, presha inayohitajika haiongezeki mara mbili wala mara nne. Inaongezeka mara 16. Hapo fundi wako wa pili yuko sahihi kabisa: bomba kubwa hupitisha kwa urahisi mno.

Mtengenezaji anailipa gharama hiyo kwa kuzifanya njia ziwe nyingi na fupi. Kondensa ya zamani ni bomba moja refu lililokunjwa kama nyoka, gesi inatembea mita nyingi mpaka kutoka. Kondensa yako ina mabomba mawili ya kusimama pembeni, na kati yake vibapa vya alumini vilivyolala, kila kibapa kikiwa na unene wa milimita 2 hivi au pungufu na ndani yake kimegawanywa vijitundu vingi vya milimita moja au chini ya hapo. Gesi ikifika kwenye bomba la pembeni inajigawa, kila tundu linapata kidogo, inavuka upana wa kondensa mara chache tu na kutoka. Mwili wako unafanya hivyo pia: mishipa mikubwa hubeba damu, na kazi ya kutoa na kupokea inafanyika kwenye vijishipa vya mikromita 5 hadi 10, vilivyo vingi na vifupi.

Niseme wazi mambo mawili ili nisikupe picha iliyopambwa. La kwanza, ndani ya kondensa hakuna utulivu wa maji ya darasani. Inaingia gesi ya kasi, inaanza kutona, yaani kugeuka kimiminika, mwisho ni kimiminika kitupu, kwa hiyo tarakimu nilizotoa hazitumiki moja kwa moja, ingawa mwelekeo wake unabaki. Kinachozuia joto kwenye gesi inayotona ni utando wa kimiminika unaojipaka ukutani, na kwenye tundu dogo lenye pembe, mvutano wa uso wa kimiminika huuvuta utando ule kwenye kona na kuuacha ukuta ukiwa na utando mwembamba. Hata umbo la tundu lina kazi.

La pili ni muhimu zaidi kwako: kizuizi kikubwa cha joto kwenye kondensa ya gari kiko upande wa nje, upande wa hewa. Vibapa vyembamba vilichaguliwa pia kwa sababu hewa inapita baina yake bila kukwama nyuma ya bomba nene, na mapezi mengi zaidi, vile vibati vyembamba vya kutawanya joto, yanaweza kuunganishwa navyo. Pamoja na hayo, gesi inayohitajika ni kidogo. Kwa hiyo atakayekuambia siri yote iko ndani ya tundu hajakuambia nusu ya habari.

Sasa tufike kwenye petroli iliyotoka safi, maana hapo ndipo kompresa yako ya pili ilipouawa, kama dalili ulizoandika zinasema ninachodhani.

Kompresa inapojamu inajisaga. Vumbi la alumini na chuma linachanganyika na oili iliyoungua, linakuwa tope jeusi kama lami laini, na kwa kuwa oili husafiri pamoja na gesi, tope hilo linatupwa mbele. Kituo chake cha kwanza chembamba ni kondensa. Punje moja haizibi tundu la milimita moja, lakini tope hujikusanya mlangoni, pale bomba la pembeni linapokutana na vijitundu, na humo hukaa. Nimeshakata kwa msumeno kondensa za namna hii ambazo zilikuwa "zimeoshwa". Vibapa viwili vinang'aa ndani kama vipya, kinachofuata kimejaa uji mweusi kutoka ukingo hadi ukingo.

Inakuwaje petroli itoke safi na tope libaki? Chukua dafu, weka mirija miwili, nyonya yote kwa pamoja. Mrija mmoja ukinaswa na nyama ya dafu, utaendelea kunywa kwa ule mwingine bila hata kugundua, na kipande kile hakitasogea. Kinywa chako hakiwezi kujenga nguvu ya kukivuta, kwa sababu mrija ulio wazi unaimaliza. Ungekuwa na mrija mmoja tu, ungevuta kwa nguvu zako zote mpaka nyama itoke au mrija ubonyee.

Hiyo ndiyo tofauti nzima kati ya kondensa ya nyoka na ya kwako. Kwenye bomba moja lililokunjwa, uchafu hauna pa kukwepea; presha yote ya upepo wa gereji inausukuma mgongoni, na unatoka. Fundi wako wa kwanza huenda aliziosha nyingi za aina ile na zikapona, kwa hiyo sishangai alivyofanya. Lakini kwenye kondensa yenye njia mia zilizopangwa sambamba, presha inayosukuma tope lililo kwenye tundu la kumi ni tofauti tu ya presha kati ya bomba la pembeni la kuingilia na la kutokea. Na tofauti hiyo inaamuliwa na matundu yaliyo wazi, ambayo yanapitisha petroli kwa raha. Chukulia upande wa kwanza wa kondensa una matundu 140 na 40 yameziba: petroli itapita kwenye yale 100, itatoka safi kama ilivyoingia, na 40 yataendelea kulala. Hata ukiongeza nguvu ya upepo, sehemu kubwa inaishia kuongeza kasi kwenye njia ambazo tayari ni safi.

Kwa hiyo usafi wa kinachotoka haukuambii chochote kuhusu kilichobaki. Nakusihi ulishike hilo kuliko tarakimu zote nilizokupa.

Nadhani sasa unaziona siku zako tisa. Kondensa ikiwa na robo au theluthi ya matundu yaliyoziba bado inafanya kazi, ila eneo lake limepungua. Gari likitembea, hewa nyingi ya mbele inafidia. Ukisimama foleni hewa inapungua, gesi haitoni yote, na presha inapanda hadi tofauti ya joto iwe kubwa vya kutosha kulisukuma joto nje. Kwa R-134a, kutona kwenye nyuzi 60 kunataka psi 229 hivi, na kwenye nyuzi 70 ni psi 292 hivi. Kompresa inasukuma dhidi ya ukuta huo, inapata moto, oili inachoka. Na wakati huohuo, kila siku, vipande vidogo vya lile tope vinalegea na kurudi mzunguko mzima mpaka kwenye kompresa mpya, ambayo inaanza kusagwa na mabaki ya iliyokufa.

Hata hivyo sijaliona gari lako, na dalili ya "inapoa kwenye mwendo, inagoma foleni" ina watuhumiwa wengine. Wa kwanza ni feni ya mbele. Ikiwa imekufa au inazunguka kwa ulegevu, utapata dalili hiyohiyo hata kondensa ikiwa mpya, kwa hiyo mwambie fundi aihakikishe kabla hujatoa shilingi yoyote. Gesi iliyozidi huleta hali inayofanana sana. Na petroli iliyobaki ndani huchanganyika na oili na kuipunguza mnato, hivyo kompresa inasagika kwa kukosa ulainisho. Inawezekana kabisa kwamba kompresa yako ilipata mapigo yote mawili.

Kuhusu dawa kali zaidi, jibu langu ni hapana. Dawa kali haibadilishi hesabu ya mirija ya dafu. Nayo itapita palipo wazi. Tena kondensa nyingi za umri wa gari lako zina draya ndani yake, kile kichupa cha kusimama pembeni chenye punje za kunyonya unyevu. Punje zile zikiloweshwa na petroli au tina hubeba uchafu na mfuko wake ukipasuka zinamwagika na kuziba mbele zaidi. Zipo mashine za kuosha zinazopiga mapigo ya kimiminika huku zikibadilisha mwelekeo, na husaidia kwenye mabomba na hosi. Kwa kondensa ya njia sambamba iliyopokea mabaki ya kompresa iliyojisaga, mimi nisingeziamini. Na kama kuna mtu aliwahi kukuwekea dawa ya kuziba uvujaji ndani ya mfumo, mwambie fundi, kwa sababu dawa nyingine huganda zikikutana na unyevu, na ndani ya tundu la milimita moja ni gundi tu.

Lile pendekezo la kondensa ya bomba nene nimelipima kwa haki. Lina faida moja ya kweli: inaosheka, na ikichafuka itavumilia. Likiwekwa kwenye gari la kazi huko ambako spea hazifiki, ningelielewa. Kwako Tanga, kwenye joto na unyevu wa pwani, utalipa kila siku. Kwa nafasi ileile mbele ya rejeta itatoa joto kidogo zaidi, hivyo presha itakuwa juu hasa foleni, na kompresa itaishi maisha ya taabu. Itahitaji mabomba yakatwe na kuchomelewa upya, na kila kiungio ni mlango wa uvujaji. Na kibandiko kilicho chini ya boneti kinachotaja uzito wa gesi hakitakuwa na maana tena. Fundi atajaza kwa kukisia. Sikushauri.

Ninachokushauri ni kondensa mpya ya umbo lilelile, hata kama si ya kampuni iliyounda gari. Kabla ya kulipa, hakikisha viungio vyake vimefungwa kwa vizibo na vikifunguliwa vinatoa pumzi kidogo, ishara kwamba imetunzwa bila hewa ya nje. Mtumba si haramu. Kondensa iliyotoka kwenye gari ambalo kompresa yake haikujisaga, ikafungwa mdomo siku ilipotolewa, inaweza kukufaa miaka. Tatizo ni kwamba nyingi kwenye stoo za spea zimekaa wazi, zimenyonya unyevu wa pwani, na hakuna anayekumbuka zilitoka kwenye gari la namna gani. Kama ni hiyo tu unayoimudu, angalau ununue yenye draya inayobadilishika na uweke draya mpya.

Pamoja na kondensa, ekspansheni, ile vali ndogo inayoshusha presha ya gesi, nayo ibadilishwe, kwa sababu tundu lake ni dogo na limesimama mbele ya uchafu wote. Mabomba na hosi yaoshwe kwa dawa ya kazi hiyo na kukaushwa kwa naitrojeni. Evaporeta, ile inayopoza hewa ya ndani ya gari, ikaguliwe, nayo kwa magari ya siku hizi ina njia nyembamba. Fundi makini ataweka pia chujio dogo kwenye bomba la kuingilia kompresa ili linase kitakachosalia, mwombe. Kisha apige vakyumu, yaani anyonye hewa na unyevu wote, kwa pampu ya kweli, si kwa dakika tano. Maji kwenye nyuzi 30 huchemka pale presha inaposhuka chini ya milibari 42 hivi, kwa hiyo pampu isiyofika chini ya hapo inatoa hewa na kuuacha unyevu. Nusu saa hadi dakika arobaini na tano, kisha ifungwe na kuachwa ili geji ionyeshe kama inapanda.

Gesi ipimwe kwa mizani. Naomba usikubali ijazwe kwa kushika bomba na kusikiliza baridi, na sababu inarudi kwenye yaleyale matundu. Kwa kuwa mfumo wa njia nyembamba unabeba gesi kidogo, magari madogo mengi hutumia gramu 300 hadi 500 tu. Gramu 50 kwenye mfumo wa namna hiyo ni sehemu ya kumi au zaidi. Ukizidisha, kimiminika kinarundikana kwenye vibapa vya chini, vinakuwa ghala badala ya kuwa mahali pa kutolea joto, na presha inapanda utadhani kondensa imeziba. Fuata uzito ulioandikwa kwenye kibandiko, na oili ya aina iliyotajwa kwa kipimo chake.

Kuna mambo ambayo hayafai kujaribiwa nyumbani wala chini ya mwembe. Kama gari lako ni la haibridi lenye kompresa ya umeme, lipeleke kwa fundi mwenye mafunzo ya umeme mkubwa. Ule mkondo unaua, na oili ya PAG ya magari ya kawaida ikiingia kwenye kompresa ile inaharibu kinga ya nyaya zake. Mtu yeyote asijaribu uvujaji kwa kujaza oksijeni ya kuchomelea, kwani ikikutana na oili mfumo unaweza kulipuka. Kuosha kwa petroli kwenye karakana yenye cheche nako kumeshaunguza watu, sitaki ufanyiwe tena. R-134a ikitoka kama kimiminika inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ngozi au jicho likipigwa nayo linaungua kwa baridi. Isiachiwe hewani, inyonywe kwa mashine, maana kilo moja yake hupasha dunia kama zaidi ya tani moja ya kaboni dioksaidi.

Ukitaka kujua kabla ya kununua kama kondensa yako kweli imeziba, tafuta gereji yenye geji za pande zote mbili na kamera ya joto, au kipimajoto cha mwanga. Kama bado kuna kompresa inayoweza kuzunguka, kondensa nzima huonyesha joto likishuka taratibu kutoka inapoingia gesi hadi inapotoka. Iliyoziba huonyesha mistari: kibapa cha moto, kinachofuata kimepoa ghafla, kingine cha moto tena. Usipime kwa kidole. Upande wa kuingilia unaweza kufika nyuzi 80 na zaidi. Kwa kuwa kompresa yako imejamu, kipimo hicho hukipati, na kwa historia uliyoandika mimi ningeiondoa bila kusubiri.

Ukishafunga mpya, ilinde kwa nje. Chumvi ya bahari na vumbi vikikaa kwenye mapezi vinakula alumini na kuizuia hewa, na nimeshasema hewa ndiyo yenye kizuizi kikubwa. Kila baada ya wiki kadhaa mwagia maji matamu ya bomba kwa nguvu ndogo, ukitoa uchafu upande ulikoingilia kama unapafikia. Mashine ya presha ya kuoshea magari iwekwe mbali nayo, inalaza mapezi. Na sabuni za kukatia grisi za injini zisiiguse.

Ile ya zamani ikishatoka, usiitupe kwanza. Mwombe fundi akate kwa msumeno wa chuma ukingo mmoja, sentimita mbili hivi kutoka bomba la pembeni, kwenye upande ulioingilia gesi, halafu mwitane wote, wewe na mafundi wako wawili, mwangalie vibapa kimoja kimoja kwenye mwanga wa jua.